Figo hurudisha, mfupa humeng'enywa: barua kwa Dada Furaha

Morogoro, Jumapili

Dada Furaha,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo Bukavu. Kurasa za kijitabu chako cha wauguzi zimenifikia na nimezisoma zote. Umeuliza jambo moja: kitenzi cha Kifaransa résorber, na ndugu yake wa Kiingereza resorb, ukiandike vipi kwa Kiswahili, maana umekikuta kwenye mfupa, kwenye mzizi wa jino, kwenye uzi wa kushonea na kwenye damu iliyovilia, na "kufyonza tena" haikai vizuri popote.

Haikai kwa sababu kiambishi re- hapo hakina maana ya "tena". Kina maana ya "nyuma". Kitenzi cha Kilatini sorbere ni kunywa kwa kuvuta, kufyonza. Resorbere ni kuvuta nyuma, kukirudisha ndani kitu kilichokuwa kimetoka. Mwandishi wa Kirumi Tacitus, alipoandika habari za mkwewe Agricola karibu mwaka 98, alikitumia kitenzi hicho kwa bahari ya Uingereza: maji yale, alisema, hayaishii ufukweni kujaa na kuvutwa nyuma, bali huingia mpaka ndani ya nchi. Watu wa pwani yetu wangesema bahari inapwa, basi. Waingereza walilichukua neno karne ya 17, na wanasayansi wakalihamishia mwilini baadaye.

Nakuonya hapo hapo kuhusu ndugu zake. Absorb ni kufyonza kikamilifu hadi ndani. Adsorb ni kitu kunata juu ya uso bila kuingia, nalo ni neno la kutungwa, lililotokea mwaka 1881 kwa mwanafizikia Mjerumani Heinrich Kayser. Sharubati haimo katika ukoo huu hata kidogo, ingawa wengi hudhani kwamba sorbetto ya Kiitaliano, barafu tamu ya matunda, imetoka kwa sorbere. Ile ilipita kwa Waturuki ikitokea kwenye mzizi wa Kiarabu wa sh-r-b, kunywa, mzizi ule ule uliotupa sharubati na kusharabu. Ukiandika "kusharabu" kwa absorb hutakosea, ila wauguzi wengi wanalijua zaidi "kufyonza", kwa hiyo baki nalo.

Mtego mwingine uko kwenye vitabu vyenyewe. Mjerumani akiandika Resorption mara nyingi anazungumzia dawa au chakula kuingia mwilini kutoka utumbo, yaani ufyonzaji wa kawaida kabisa. Mfaransa naye husema résorber le chômage, kupunguza ukosefu wa ajira hadi uishe. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, uliza nani anaongea na ni kitu gani kinachotoweka. Kisha uliza swali la pili, ambalo ndilo litakalokusaidia katika kijitabu kizima: je, kitu hicho kinarudi kikiwa kizima kama kilivyotoka, au kinabomolewa kwanza ndipo vipande vyake virudi?

Figo ni mfano wa kurudi kikiwa kizima. Hapo Kiingereza husema reabsorb na Kifaransa réabsorber, na wataalamu hawachanganyi na resorb. Kila siku figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji kutoka kwenye damu, wakati plazma yote mwilini, yaani sehemu ya majimaji ya damu, ni kama lita 3 tu. Maana yake plazma ile ile inapita kwenye chujio karibu mara 60 kwa siku. Mkojo unaotoka ni lita 1 hadi 2. Kilichobaki, asilimia 99 au zaidi, kimerudishwa. Sodiamu inayochujwa kwa siku ukiipima kama chumvi ya mezani inakaribia kilo moja na nusu. Mtu anakojoa gramu chache tu. Sehemu ya mwanzo ya mrija wa nefroni, kichujio kimoja kati ya vingi vidogo vya figo, hurudisha kama theluthi mbili za maji na sodiamu, kitanzi cha Henle, mpindo unaofuata wa mrija huo, hurudisha robo nyingine ya sodiamu, na mwishoni homoni ndizo zinazoamua kiasi kilichobaki kirudi au kitoke. Mtu akikosa ile homoni inayoiamuru mirija ya mwisho kurudisha maji, anaweza kukojoa lita 10 au zaidi kwa siku, na mkojo wake ni mwepesi, hauna sukari.

Jambo hili halikukubalika kirahisi. Carl Ludwig alilitoa wazo la kuchuja kisha kurudisha huko Ujerumani miaka ya 1840, lakini ushahidi wa moja kwa moja ulichelewa hadi mwaka 1924, pale Wearn na Richards wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipochukua chura, wakaingiza mrija wa kioo uliochongoka kama sindano ndani ya kapsuli ya Bowman, kikombe kile kidogo kinachopokea maji yaliyochujwa, chini ya hadubini, wakavuta tone. Ndani ya tone kulikuwa na sukari na chumvi. Kwenye mkojo wa kibofu cha chura huyo huyo havikuwamo. Basi vilipotea njiani, na njia ilikuwa moja tu, ukuta wa mrija.

Sukari ndiyo mfano bora wa kumfundishia muuguzi. Glukosi inayochujwa ni kama gramu 180 kwa siku na yote hurudishwa, karibu asilimia 90 yake kwa kibebeo kiitwacho SGLT2 na iliyosalia kwa SGLT1. Vibebeo hivyo vina kikomo. Sukari ya damu ikipita takriban milimoli 10 kwa lita, vinajaa, ziada inapita kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mwenye kisukari hukojoa sana na kiu haimwachi. Dawa mpya kama dapagliflozin na empagliflozin huziba SGLT2 makusudi ili sukari itoke kwa mkojo. Asili yake ni florizini, kemikali iliyotolewa kwenye gome la mzizi wa mtufaa mwaka 1835. Katika kijitabu usisahau madhara yake: sukari kwenye mkojo huleta fangasi sehemu za siri, na mgonjwa anayetapika au kuharisha anaweza kupungukiwa maji haraka akiendelea kuzimeza. Kwa figo yote andika "kufyonza na kurudisha kwenye damu". Neno "kurudisha" lisikosekane, kwani ndilo linalobeba ile re-.

Sasa mfupa. Hapo ndipo ulipokwama na hapo ndipo penye hatari.

Umeandika: "dawa hii hupunguza ufyonzaji wa mfupa." Jiweke kwenye nafasi ya mama wa miaka 65 aliyevunjika kifundo cha mkono, anasomewa sentensi hiyo. Ataelewa kwamba dawa inauzuia mfupa wake kufyonza madini, yaani inaudhoofisha, na vidonge vitaishia kabatini. Maana imepinduka kabisa. Katika sayansi mfupa haufyonzi; unafyonzwa. Mtenda ni seli, na mfupa ndio unaoliwa.

Seli hiyo ni osteoklasti, jina lililoundwa kutoka maneno ya Kigiriki ya mfupa na kuvunja, likaingia kwenye sayansi kwa Albert Kölliker mwaka 1873. Ni seli kubwa yenye viini vingi, mara nyingi 5 hadi 10, wakati mwingine zaidi. Inafika juu ya mfupa, inajibandika kwa ukingo wake wote kama kikombe kilichopinduliwa juu ya meza, pasibaki upenyo. Ndani ya nafasi hiyo iliyozibwa inasukuma asidi mpaka pH inashuka karibu 4.5. Asidi inayeyusha madini, yaani kalsiamu na fosfati. Hapo nyuzi za kolajeni zinabaki uchi. Kisha kimeng'enya kiitwacho katepsini K kinazikata nyuzi hizo. Vipande vinamezwa kwa upande wa chini wa seli, vinapitishwa katikati yake, vinatolewa kwa upande wa juu kuelekea kwenye damu. Seli ikiondoka inaacha shimo dogo, na mashimo hayo yana jina la daktari mpasuaji Mwingereza, John Howship, aliyeyaeleza kabla mtu yeyote hajajua ni nani anayeyachimba.

Hiyo ndiyo maana kamili ya resorb: kubomoa, kisha kuvuta nyuma. Ndiyo sababu napendekeza "mfupa humeng'enywa na madini yake kurudishwa kwenye damu" kwa mara ya kwanza kwenye kila sura, na baada ya hapo "kumeng'enywa kwa mfupa" peke yake inatosha. Kumeng'enya kila muuguzi analijua kutoka kwenye somo la tumbo, na kinachofanyika hapa ni hicho hicho, asidi pamoja na kimeng'enya. Kwa mgonjwa sema "mfupa unalika". Usiseme "kusagika", huku kwetu watu wameshalifunga neno hilo na maumivu ya magoti na nyonga, ambako tatizo ni gegedu kwenye kiungo, na utamchanganya mtu mwenye maradhi mawili tofauti.

Pia usiruhusu msomaji adhani kwamba kumeng'enywa kwa mfupa ni ugonjwa. Kwa mtu mzima kama asilimia 10 ya mifupa hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Kalsiamu ya damu ikishuka, tezi za parathiroidi hutoa homoni inayosababisha osteoklasti kuongeza kazi, maana asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imewekwa mifupani na moyo na misuli haviwezi kusubiri chakula cha kesho. Tatizo ni mwendo. Kubomoa shimo moja huchukua wiki chache. Kulijaza tena huchukua miezi. Estrojeni ikishuka mwanamke anapokoma hedhi, osteoklasti huongezeka na kuishi muda mrefu zaidi, na wajenzi, yaani seli zinazojenga mfupa, hawawafikii. Upande wa pili nao upo, na kijitabu chako hakiutaji: kuna watoto wanaozaliwa na osteoklasti zisizofanya kazi. Mifupa yao huonekana mizito na myeupe sana kwenye picha ya eksirei, lakini huvunjika kwa urahisi, na uboho hukosa nafasi hadi mtoto akapata upungufu wa damu. Kwa hiyo mfupa usiolika kabisa nao ni mbovu.

Kwenye ukurasa wa dawa, maelekezo ya alendronate, dawa ya kupunguza kumeng'enywa kwa mfupa, yaandike kwa ukali zaidi. Kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki, asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Si chai, si maziwa, si juisi, wala maji ya chupa yenye madini mengi, kwa sababu kalsiamu na vitu vya namna hiyo hukishika kidonge kisiingie mwilini, na hata katika hali nzuri kinachoingia ni chini ya asilimia 1. Baada ya hapo akae wima au asimame angalau nusu saa na asile. Akilala, kidonge kinaweza kukwama kwenye umio na kuuchoma. Mtu asiyeweza kukaa wima nusu saa hapewi, na anayesikia chakula kukwama anapomeza achunguzwe kwanza.

Kipimo ulichokitaja cha CTX, kinachopima vipande vya kolajeni vinavyotoka kwenye mfupa uliomeng'enywa, damu yake ichukuliwe asubuhi kabla ya kula. Chakula hukishusha, na kiwango chenyewe hupanda usiku na kushuka mchana. Mgonjwa aliyepimwa saa 3 asubuhi bila kula, kisha safari ya pili akapimwa saa 9 alasiri ameshakula, ataonekana amepata nafuu hata kama hakumeza kidonge hata kimoja.

Kwenye meno umeandika vizuri kuliko ulivyodhani. Jino la utoto haling'oki kwa kusukumwa tu na jino la ukubwani. Seli za ukoo wa osteoklasti humeng'enya mzizi wake polepole mpaka kinabaki kichwa cha jino kinachoning'inia kwenye ufizi. Ndiyo maana jino linalodondoka kwa mtoto wa miaka 6 au 7 lina chini palipoliwa kwa mikwaruzo, halina mzizi. Ongeza sentensi kwa ajili ya wazazi, kwani wengi humrudisha mtoto kliniki wakiamini mzizi umevunjikia ndani.

Jino la ukubwani lililong'oka kwa kuanguka au kupigwa ni habari nyingine, na hapo resorb inakuwa adui. Juu ya mzizi kuna utando mwembamba wenye seli hai, unaoutenganisha na mfupa wa taya. Utando ukifa, mwili hauoni tena tofauti kati ya mzizi na mfupa: jino linaungana na taya, osteoklasti zinaumeng'enya mzizi kama mfupa wowote, wajenzi wanaujaza kwa mfupa, na baada ya miaka hakuna mzizi. Kwa hiyo kila dakika ina thamani. Jino lishikwe kwa kichwa, kamwe si kwa mzizi. Likiwa na uchafu lisuuzwe kidogo kwa maziwa au mate ya mwenyewe, lisisuguliwe wala kufutwa kwa kitambaa. Lirudishwe kwenye tundu lake papo hapo, mtu aume kitambaa safi, aende kwa daktari wa meno. Kama haiwezekani kulirudisha, liwekwe kwenye maziwa baridi. Maji ya bomba si mahali pa kulihifadhi kwa sababu huzivimbisha seli za utando na kuzipasua. Jino lililokaa kavu zaidi ya saa moja bado linaweza kurudishwa, lakini mgonjwa aambiwe ukweli kwamba mzizi wake huenda ukaliwa. Kwa jino lililokomaa, matibabu ya mzizi yaanze ndani ya wiki 2, la sivyo uoza wa ndani huleta kumeng'enywa kwa namna nyingine, kwa haraka zaidi. Na jino la utoto lililong'oka kwa ajali halirudishwi, maana linaweza kuliumiza la ukubwani lililo chini yake.

Taya lisilo na jino nalo hupungua. Baada ya kung'oa, ukingo wa mfupa mahali pale hupoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya mwaka, na sehemu kubwa ya hiyo ni miezi 3 ya mwanzo. Basi meno bandia yaliyobana vizuri mwezi wa pili yatalegea, na si kosa la fundi.

Kwa uzi wa kushonea, "nyuzi zinazoyeyuka zenyewe" ndivyo watu wanavyosema na waachie hivyo. Muuguzi ajue tu kwamba nguvu ya uzi huisha mapema kuliko uzi wenyewe. Uzi wa utumbo wa mnyama hupoteza nguvu ndani ya wiki moja na nusu hivi, ilhali kutoweka huchukua hadi miezi miwili na zaidi; ule wa poliglaktini, uzi wa kutengenezwa kiwandani, hubaki na kama nusu ya nguvu wiki ya tatu. Mgonjwa akiona ncha ya uzi wiki ya sita asiivute.

Damu iliyovilia ndiyo nyepesi kuliko zote, kwani Kiswahili kina neno lake tayari: uvimbe hunywea. Mfaransa anaposema l'hématome se résorbe, wewe andika "vilio la damu hunywea". Seli za ulinzi humeza damu ile, huigeuza kijani, kisha njano, na chuma chake huacha hudhurungi. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizi huonekana kwa shida, hivyo mfundishe muuguzi aguse ugumu na ukubwa wa uvimbe badala ya kutegemea rangi. Siku mbili za mwanzo ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Kukanda kwa maji ya moto saa ile ile, kama wazee wetu wanavyopenda, hufungua mishipa na kuongeza damu inayovuja. Mtoto anayepata mavilio bila kuanguka apelekwe kupimwa damu.

Nilichobadilisha kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa osteoklasti ni vitenzi tu. Mchoro wako uko sawa, ila mshale wa kalsiamu umeuelekeza kutoka kwenye damu kwenda kwenye mfupa. Ugeuze, kisha unitumie sura hiyo kabla haijaenda kwa mchapaji.

Wasalimie mume na watoto.

Kaka yako,
Hamisi